Wakuu, ndizi na nyama za mtori wa mzazi nachaguaje sokoni? Nimekosea mara mbili

MtuWaLindi (mleta uzi)
Habarini za usiku wakuu. Wife kajifungua Jumatano, mtoto wetu wa kwanza, mama na mtoto wazima kabisa namshukuru Mungu. Yeye ni Mchagga wa Rombo mimi mtu wa Kusini, na kitu pekee anachokitamani tangu tutoke hospitali ni mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama ya kwao. Mama mkwe ndo alikuwa aje amlee mzazi ila anasumbuliwa na mguu, atafika wiki ijayo, kwa hiyo jikoni niko mwenyewe.

Juzi nikaenda soko la Mabibo nikamwambia muuzaji naomba ndizi za mtori, akanifungia chana mbili, nimepika ukatoka mtamu kama uji wa sukari. Akanywa vijiko vitatu akasema asante akaweka bakuli pembeni. Iliniuma sana, mtu katoka kujifungua hana nguvu halafu ananywa ili tu asinivunje moyo. Jana nikabadilisha meza, nikapewa ndizi kubwa ndefu, hizo nimeponda mpaka mkono umeuma bado mabongebonge tu. Kesho alfajiri narudi tena sokoni. Mwenye kujua aniambie ndizi nazitambuaje, na buchani niombe sehemu gani?

Marangu_Damu
Hongera sana shemeji, mmekuza ukoo! Sasa sikiliza, ukifika sokoni usiseme ndizi za mtori, ukisema hivo mtu anajua huzijui anakupa zile anazotaka zitoke. Sema MSHARE, wengine wanaita mchare, ndo hiyo hiyo. Hizo kubwa za jana itakuwa ni mzuzu, mzuzu ni ya kukaanga au kuchoma, hiyo hata uichemshe mpaka jioni haitayeyuka kama mshare. Na za juzi zilikuwa zimeanza kuiva, wanga ukishaanza kugeuka sukari hapo hamna mtori tena.

Namna ya kupima: omba akate kidole kimoja mbele yako. Ndizi mbichi utomvu unachuruzika palepale unanata kwenye kisu, na ganda limeshika, halitoki bila kisu. Ukiona ganda linavutika kwa mkono kiulaini, acha, hata kama kwa nje ni kijani kibichi kabisa. Angalia pia umbo, kidole chenye kona kali kali kimekatwa kabla hakijakomaa, mtori wake unakuwa mwepesi hauna ladha, wewe tafuta kilichojaa.

mama_wa_genge
Naongezea hapo mimi nachukua mzigo Mabibo kila wiki. Kaka usinunue chana zilizokwisha kupangwa chini, nenda kwenye mkungu mzima akukatie hapo hapo. Tazama kikonyo, pale panga lilipopita. Kama bado pana unyevu ndizi ni ya karibuni, kama pamekauka pameshakuwa peusi na panasinyaa ujue umekaa hapo. Na geuza chana uone upande wa chini, zinavyoshushwa kwenye fuso zinapigana, zikipondeka zinapata weusi mpaka ndani na mtori unabadilika rangi. Wahi asubuhi, saa nne wenye magenge tumeshachagua.

ChumaUlete
Mbona mie napika kwa ndizi Bukoba na watu wanakunywa vizuri tu?

Marangu_Damu
Utalainika ndio mkuu, ila mtu wa Rombo ukimpa huo kijiko cha kwanza tu anajua sio wenyewe. Huyu mzazi anatamani ladha ya kwao, tumsaidie aipate.

bucha_mtaani
Nyama niachie mimi. Usiombe steki, steki haina supu. Omba kidari au mbavu, kilo moja na mfupa wake, na kama kuna mfupa wenye uboho ongeza mmoja. Mwambie akukatie kwa msumeno, asikupigie shoka juu ya gogo, maana shoka linaacha vijiwe vya mfupa vidogo kama punje za mchele na mtori ukishapondwa huvioni, mzazi atakuja kuvitafuna. Ukifika nyumbani osha vizuri, chemsha nyama peke yake na chumvi na kitunguu mpaka ilainike, chuja ile supu kwenye chujio la chai ndo uweke ndizi. Mhuri wa mkaguzi kwenye ile nyama inayoning'inia uuone kwa macho yako.

dada_wa_wodini
Hongereni. Kama alijifungua kwa operesheni fuata maelekezo ya hospitali kwanza kuhusu chakula. Kama ni kawaida, pika mwepesi wa kunyweka, pilipili weka pembeni, na maziwa ukitia yawe yamechemshwa. Ndizi ukimenya tumbukiza kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi, na pakaa mafuta mikononi kabla hujamenya, ule utomvu ukishika nguo za mtoto hautoki.

MtuWaLindi
Wakuu nimerudi. Nilifika saa kumi na mbili, nikataja mshare, yule mama akaniangalia akaniuliza mzazi yuko nyumbani? Akaacha mkungu wa mbele akanivutia wa nyuma akakata kidole mwenyewe kabla sijasema, utomvu ukamdondokea kwenye khanga. Kidari nimekatiwa kwa msumeno, na kwenye chujio bado nimekuta vipande viwili vya mfupa, asante sana mkuu wa bucha. Kanywa vikombe viwili vikubwa akalala na mtoto wake mpaka saa tisa. Alipoamka akauliza umebaki?

Swali la mwisho, nina chana moja na nusu imebaki, nazihifadhije zisiive mpaka mama mkwe afike?

mama_wa_genge
Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, zitandaze sehemu yenye hewa na kivuli, na zisikae karibu na parachichi au embe lililoiva zitaivishwa. Siku tatu nne zinakaa hizo. Ila mama mkwe mnunulie mpya shemeji.