Naomba ushauri: minara ya taa ya Kushimoto, Japani

Wakuu, habari za majukumu. Niko Osaka kimasomo, likizo hii nataka kushuka Kushimoto, mkoani Wakayama, nikaone minara ya kuongozea meli ya Shionomisaki na Kashinozaki. Huo wa pili, ulio kisiwani, ndio unaonivuta hasa. Ni wa mawe, kazi ya Mskoti Richard Henry Brunton, uliwashwa 1870. Mwaka 1890 meli ya Kituruki, Ertuğrul, ilivunjika miambani hapo chini; zaidi ya watu 500 walikufa, na manusura wakapanda jabali usiku wakiufuata mwanga wake.

Leseni ya gari sina. Kutoka stesheni, basi za kuvuka daraja hadi kisiwani zinapatikana mpaka jioni, au nikodi baiskeli? Upepo wa pale vipi? Minara yote miwili kwa siku moja inawezekana? Bajeti yenyewe ya mwanafunzi, msinicheke.