"Mpeni bibi begi!" Yaliyonikuta jana bonde la Verzasca, Uswisi, leo sinyamazi

Wakuu, naandika miguu yote miwili iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Maji yamepoa, ila kwa hasira nilizonazo yatachemka yenyewe.

Simtaji. Mnamjua. Yule bwana wa "ni matembezi mepesi tu, leteni hata watoto". Kila aliyewahi kutoka na kundi letu Jumamosi anamjua na kofia yake.

Alituambia hivi: basi linatupeleka Sonogno, barabara inapoishia, halafu tunashuka na mto. TUNASHUKA. Juu kule ni mita 918, chini kuna ziwa, sasa mtu mwenye akili timamu ataelewa nini? Kumbe ile njia inashuka kama muuzaji wa Kariakoo anavyoshusha bei: anashuka kidogo, anapanda mara mbili. Mawe makubwa kama daladala. Ngazi zilizojengwa na watu wenye magoti ya mbuzi. Vijiji sawa, vizuri, sikatai, lakini nyumba za mawe, paa la mawe, uzio wa mawe, benchi la mawe. Nilifika mahali namwomba Mungu nikute kitu kimoja tu laini nikikalie.

Sasa twende kwenye lenyewe. Lavertezzo, pale kwenye daraja la matao mawili, tukala. Tulikula nini? Pilau yangu. Hotpoti niliyoibeba mimi mgongoni tangu Sonogno. Yeye kala sahani mbili, na nyama alikuwa anachagua. Shikilieni hapo.

Tukaanza kupanda kwenda Corippo. Pumzi sina. Nikaomba dakika mbili, nikaegemea ukuta. Nyuma yetu anakuja bibi wa Kiswisi, miaka si chini ya 75, kaptula, fimbo mbili, mashavu ya miguu kama chupa za soda. Yule bwana akageuka, mbele ya watu 14, kwa sauti ya kuadhini: "Mpeni bibi begi! Huyu kwao Moshi, kijito kimemshinda!"

Halafu AKATAFSIRI. Akamtafsiria bibi kwa Kitaliano, ndiyo lugha ya bonde lile.

Na bibi AKALICHUKUA.

Wakuu, alilichukua! Akalivaa kwa mbele, lake liko nyuma, akaniambia "dai, dai". Mimi nikajua anadai ujira, nikaanza kupapasa mifuko. Kumbe kwao ni "haya twende, jikaze". Watu wakacheka mpaka mbuzi wa ng'ambo wakageuka.

Hivi nani kamwambia kuzaliwa Moshi ni kupanda mlima? Sisi Kibo tukiiona asubuhi tunasema "leo umefunguka", tunaendelea na chai. Wanaozitafuta hizo mita 5,895 ni haohao wajukuu wa bibi.

Mpeni bibi begi. Begi lililobeba pilau aliyokula YEYE!

Tumefika Corippo, nikajua sasa ataniomba radhi. Wapi. Anatoa mhadhara kwamba hiki kijiji kilikuwa manispaa ndogo kuliko zote Uswisi mpaka kilipounganishwa na wenzake mwaka 2020, na sasa baadhi ya nyumba zake ni vyumba vya hoteli. Nani kamuuliza? Mimi namtafuta bibi na begi langu. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, ameshapumzika, anamenya chungwa.

Nataka aombe radhi humuhumu. MPENI BIBI BEGI, kwa Kitaliano!

Kisiki cha Mpingo: Uzi bila picha ya bibi ni umbea.

Mama Ubuyu: Pole kaka. Ila wapagazi wa Kilimanjaro hupewa bakshishi. Bibi wa watu ulimpa nini?

Mleta uzi: Nilimpa asante.

Mama Ubuyu: Asante! Kwa hotpoti nzima!

Abiria wa Tramu: Nilikuwepo. Mleta uzi amesahau kusema kwamba ndani ya begi kulikuwa pia na spika, mwavuli na viatu vya akiba. Viatu vya NGOZI. Na bibi hakumpokonya mtu begi, ni wewe ulimnyooshea.

Mleta uzi: Sikumnyooshea. Nilikuwa nalivua nipumzike.

Abiria wa Tramu: Ulilivua ukasema "grazie mille", yaani asante sana.

Kisiki cha Mpingo: 😂😂😂 nimeanguka kitandani

Kobe wa Basel: Hata kwenye saa yule bwana anatudanganya. Vile vibao vya manjano vya njiani vinahesabu muda wa kutembea bila mapumziko. Yeye anajumlisha vibao anatuambia "saa sita tu, jamani". Ukiongeza kupumua, zinakuwa kumi.

Msomi wa Njiani: Niongeze tu kwamba lile daraja la Lavertezzo watu hupenda kuliita la Kirumi, lakini Warumi hawahusiki nalo.

Mama Ubuyu: Mkuu, nani kakuuliza? Au wewe ndiye YEYE?

Msomi wa Njiani: Hapana.

Kobe wa Basel: Vua kofia tukuone.

Shangazi wa Winterthur: Nyie mmeonewa begi tu. Mimi alinipeleka kwenye ukuta wa bwawa huko chini, mita 220 kwenda shimoni, eti "tunaenda kutazama". Kufika, nakuta jina langu liko kwenye orodha ya wanaoruka na kamba! Mimi ni mjane, nina kisukari. Nilirudi mpaka stendi ya basi kwa miguu, na hapo nilikimbia.

Kisiki cha Mpingo: Shangazi, kumbe pumzi unayo, ungempokea mwenzio begi.

Baba Pacha: Mwaka jana aliwaambia wanangu waoge mtoni, "maji ya kijani mazuri". Yale maji ni baridi ya kukata pumzi, mawe yanateleza na watu wamekufa mle. Vibao vya tahadhari vimejaa. Yeye anasoma vya manjano tu.

Zamu ya Alhamisi: Samahani naingilia. Nyie mna shida za milimani, mimi niko chini ya ardhi, kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima, tunakofua kwa zamu. Jirani kanitolea nguo kwenye mashine zikiwa bado zina povu, kisa zamu yangu imekwisha dakika tano zilizopita.

Mama Ubuyu: Zina povu?? Huyo hana mama.

Kobe wa Basel: Kwetu nilifua soksi Jumapili, nikabandikiwa barua mlangoni. Soksi!

Shangazi wa Winterthur: Barua ni nafuu. Mimi nilipigiwa simu na mwenye nyumba kuhusu harufu ya dagaa, na dagaa nilikuwa sijawakaanga bado. Nilikuwa nawaloweka.

Abiria wa Tramu: Dagaa unawapata wapi shangazi? Njoo pembeni.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada.

Zamu ya Alhamisi: Mada ipi?

Mleta uzi: Begi. Bibi. Mbele ya watu 14.

Shangazi wa Winterthur: Wa Mwanza, wakubwa. Nina kilo mbili, wa kuwahi awahi.

Kobe wa Basel: Niwekee nusu. Mleta uzi, kwenu kufua ni lini?

Mleta uzi: Jumanne. Lakini msinikumbushe. Yule wa ghorofa ya tatu anaacha mashine imejaa manyoya ya paka, halafu nikimwambia ananijibu eti