Naomba ushauri: walinzi wahamishwe mmoja mmoja au kikundi kizima?

Mkuu wa Lindo:
Shikamooni wakubwa. Niko Tanga mjini, nasimamia walinzi 48 wa kampuni binafsi, malindo 6, Raskazone mpaka Pongwe. Ofisi huhamisha mtu mmoja mmoja kuziba mapengo. Mwezi uliopita wawili waliokutana usiku uleule walivamiwa ghalani. Mmoja akapuliza filimbi. Mwenzake hakushtuka, maana alikotoka filimbi ni ishara ya kupokezana zamu. Kijana kashonwa nyuzi 9 kichwani. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nataka wanane wanane, waingie pamoja na kutoka pamoja kama jeshini. Bosi hataki, anadai wakizoeana wataiba pamoja.

Mstaafu wa Duga:
Marahaba. Pole kwa kijana. Marekani walipokuwa Vietnam, kila askari alikuwa na miezi kama 12 yake; akimaliza anaondoka peke yake, anakuja mgeni. Makamanda wengi wa kombania, yaani kikosi cha askari mia na kitu, walikaa kama miezi 6 tu. Na waliokufa zaidi ni wale wa miezi ya mwanzo, ambao hawajajua mwenzao akinyamaza ana maana gani.

Binti Makorora:
Mbona mfano tunao hapahapa? Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India, vikosi vingi havijawahi kupigana pamoja. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, wengi askari wa kombania zilizozoeana. Waingereza walishindwa. Sisi husimulia tu nyuki waliovamia askari vitani, na nyuki wale waliuma pande zote mbili.

Mwana Pangani:
Kaka, wazo zuri lakini usilibebe zima. Mwaka 1981 Marekani walianza kuweka kombania za vijana waliofunzwa pamoja, wakae pamoja miaka 3. Walishikamana kweli. Shida ilikuwa kuziba pengo la aliyeumia au kuacha jeshi, na muda ukiisha kombania inavunjika yote kwa mpigo, ujuzi unaondoka nao. Mwaka 2006 wakaja na mzunguko wa brigedi, yaani kikosi kikubwa cha askari elfu kadhaa: kupumzika na kujaza watu, kufanya mazoezi, kisha kuwa tayari kwenda. Lengo mwaka 1 nje, 2 nyumbani. Iraq ikawabana, 2007 zamu ya miezi 12 ikawa 15. Ratiba isiyo na akiba hulipwa na usingizi wa askari.

Kwa hiyo wasiwe wanane. Weka 7 kila lindo: watatu mchana, watatu usiku, mmoja mapumziko. Wanabaki 6 wa akiba, kila mmoja azoee malindo mawili tu. Hofu ya bosi nayo ina msingi, ila kila miezi 4 toa wawili, wasitoke wote.

Mstaafu wa Duga:
Na ishara za filimbi ziwe moja malindo yote, hata kabla ya ratiba.

Mkuu wa Lindo:
Hilo la filimbi naanza nalo jioni hii, wakati wa kupokezana. Kikao na bosi ni Ijumaa. Majina ya wale 42 nayapanga leo, lindo la ghala likiwa la kwanza.