Dogo akiangusha tovuti ya kampuni, polisi waanzie wapi?

Wakuu, naleta mada kutoka Arusha, tujadiliane bila matusi.

Mwezi wa saba, msimu umekolea, tovuti ya kampuni moja ya utalii hapa mjini ilizimwa siku mbili. Polisi wakaibukia kwenye duka la intaneti huku Kaloleni. Nilikuwa naprinti barua, ukurasa wa pili ukabaki nusu ndani ya mashine. Walibeba kompyuta zote sita na simu ya dogo anayehudumia. Hadi leo mezani pamebaki nyaya tu.

Kisa? Anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa au laini ya intaneti mtandaoni, ilionesha pale. Hapo ndipo ninapobisha. Mashambulizi ya namna hii mara nyingi hayatoki kwenye mashine ya mhalifu. Anateka kompyuta za watu, kisha anaziamuru zote zibishe hodi kwenye seva moja, yaani kompyuta inayobeba tovuti, kwa mpigo mpaka ielemewe. Anwani unayoiona ni ya aliyetekwa! Februari 2000 kijana wa miaka 15 wa Montreal, akijiita Mafiaboy, aliziangusha Yahoo, eBay na CNN kwa kompyuta za kuteka, zikiwemo za vyuo vikuu. Kilichowasaidia FBI, wapelelezi wa Marekani, na polisi wa Kanada ni majigambo yake mwenyewe kwenye vyumba vya gumzo. Mdomo uliponza kichwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru upekuzi na ukamataji wa vifaa. Sawa. Ila wanakili diski, warudishe mashine. Watu wanakula hapo.

Mdau wa Njiro: Mkuu, unaongea hivyo kwa sababu hujapoteza mgeni. Mimi nina kampuni ndogo ya safari. Yetu ilipozimwa, familia iliyokuwa inalipia Serengeti ikahamia kwa jirani. Na huyo Mafiaboy wako alikula miezi minane, usiifiche hiyo.

Mama wa Sakina: Miezi minane ya uangalizi wa vijana, baba, siyo jela. Hata kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kufungwa gerezani. Wale vijana watatu wa Marekani waliotengeneza Mirai, programu iliyoteka kamera na ruta (vifaa vya kugawa intaneti) za watu mwaka 2016, walipewa saa 2,500 za kazi za jamii na wakaisaidia FBI. Wangu ana miaka 16, anakesha na kompyuta. Kumnyang'anya nimeshindwa, na anachofanya sikielewi.

Mdau wa Njiro: Mama, shikamoo. Nani atanilipa sasa?

Mleta mada: Swali la haki. Nami nikuulize: kumbukumbu za seva, yaani orodha ya anwani zilizobisha hodi siku ile, uliwapa polisi?

Mdau wa Njiro: Aliyetutengenezea tovuti alihamia Dar. Nywila anayo yeye, na simu hapokei.