Chemba za biashara za mikoa zinanyongwa na makao makuu yake, na wanachama wanaolipa ada wamenyamaza

Wakuu, huu uzi ni mrefu. Asiye na muda asome sehemu ya ada na sehemu ya vyeti vya uasili (hati zinazothibitisha bidhaa imezalishwa nchi gani), hapo ndipo kidonda kilipo.

Wimbo ni mmoja kila unakogeuka. Chemba ya mkoa ina mwenyekiti, ina muhuri, ina kibao mlangoni. Mfanyabiashara wa kati akibanwa na tozo isiyoeleweka au mzigo wake ukikwama forodhani, hana wa kumpigia. Kisha viongozi wanapanda jukwaani kusema wafanyabiashara hawana mwamko wa kujiunga. Mwamko upo tele. Mtu hatoi hela yake mwaka wa pili kwa kitu ambacho mwaka wa kwanza hakikumfaa kwa lolote.

Tuanze na hela. Pale ambapo ada inakusanywa mkoani, inapelekwa juu yote, halafu makao makuu "yanarudisha" fungu la mkoa, mkoa umekwisha kufa. Fungu linachelewa miezi. Mkoa hauwezi kumwajiri katibu mtendaji kwa mshahara wa uhakika, kwa hiyo unatafuta wa kujitolea. Wa kujitolea ana kazi yake nyingine inayomlisha, simu za wanachama anazipokea jioni au hazipokei kabisa. Mwanachama aliyepiga mara tatu bila jibu hahuishi uanachama. Ada inashuka, na makao makuu yanautazama mkoa na kusema umelala. Nani aliulaza?

Dawa yake inajulikana. Ada ibaki inapokusanywa, na mkoa uchangie makao makuu kiasi kilichokubaliwa kwa kila mwanachama hai, hela igawanywe na benki siku ileile inapoingia. Makao makuu yakitaka zaidi, yauze huduma kwa mikoa: mfumo wa kompyuta, mwanasheria, mafunzo ya makatibu. Mkoa ukiona huduma hiyo haina thamani, usinunue. Makao makuu hayaupendi mpango huu kwa sababu unayalazimisha kufanya kazi.

Pia tuache kudanganyana kwa idadi. Chemba ikitangaza wanachama 2,000, muulizeni katibu mambo matatu: wangapi wamelipa mwaka huu, wangapi kati ya waliolipa mwaka jana wamelipa tena, na wangapi wametumia japo huduma moja. Hilo la pili ndilo kipimo chenyewe. Kama mwaka jana walilipa 100 na kati yao wamerudi 60, chemba inatakiwa kutafuta wapya 40 ili tu ibaki pale ilipokuwa. Kuwahesabu wapya ndani ya kipimo hicho ni kuficha wanaokimbia. Na wengi wanakimbia mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo kazi ni ya miezi mitatu ya mwanzo: apigiwe simu ndani ya siku 7, ndani ya siku 30 ijulikane kinachomkwamisha ni nini (soko, mtaji, leseni, mzigo), na kabla ya siku 90 awe amepata huduma moja inayogusa jambo hilo. Ankara ya ada mpya imfikie siku 60 kabla ya kuisha, akumbushwe zikibaki 30, na asipolipa apigiwe simu na mtu anayejua jina la biashara yake. Ujumbe mmoja wa jumla uliorushwa kwa wote mwezi Desemba hauwezi kufanya kazi hiyo.

Ada ya kiwango kimoja nayo ni dhuluma. Fundi mwenye wasaidizi wawili hawezi kulipa sawa na kiwanda. Pangeni kwa idadi ya wafanyakazi: 1 hadi 5, 6 hadi 20, 21 hadi 100, zaidi ya 100. Msipange kwa mauzo. Ukimwomba mtu mauzo yake anahisi unamchunguzia kodi, atakuandikia uongo au atatoka.

Sasa vyeti vya uasili wa bidhaa, na hapa nitakaa.

Katika nchi nyingi chemba ndizo zinazotoa vyeti hivi, walau vile visivyo vya upendeleo, yaani visivyoupa mzigo nafuu ya ushuru unakokwenda, na mahali pengine hata vya upendeleo. Hiki ndicho chanzo cha mapato kinachoweza kuubeba mkoa mzima, na ndicho kinachochezewa vibaya kuliko vyote. Kuna ofisi zinaweka fomu tupu zilizokwisha kugongwa muhuri na kusainiwa "ili mteja asisubiri". Huo ni uhalifu. Cheti ni tamko kwa forodha ya nchi nyingine kwamba mzigo huu umezalishwa hapa. Ukisaini karatasi tupu, unamshuhudia mtu ambaye hujamwona.

Kazi inatakiwa kufanywa hivi. Ofisa anapokea maombi pamoja na ankara ya biashara, orodha ya vifungashio, hati ya shehena kama imeshatoka, na ushahidi wa uzalishaji. Anaangalia msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa ya kupanga aina za bidhaa forodhani, ule ambao tarakimu 6 za mwanzo zinafanana dunia nzima. Kisha anauliza: bidhaa imezalishwa hapa yote, kama zao la shambani, au imetengenezwa kwa malighafi ya nje? Kama ni malighafi ya nje, imebadilika vya kutosha? Chukua kiwanda cha ndoo. Kinaagiza chembechembe za polipropilini (aina ya plastiki), ambazo ziko kwenye kichwa 3902, kichwa kikiwa ni kundi la bidhaa linalotajwa na tarakimu 4 za mwanzo za msimbo huo, kinaziyeyusha na kuzimimina kwenye kalibu, zinatoka ndoo za nyumbani, kichwa 3924. Tarakimu 4 za mwanzo zimebadilika, na kama kanuni ya soko hilo ni mabadiliko ya kichwa, uasili umepatikana. Jirani yake anaagiza ndoo zilizokamilika, anazibandika lebo na kuzifunga upya kwenye maboksi. Hiyo ni 3924 kuingia na 3924 kutoka, na kubandika lebo na kufunga upya havizai uasili. Wote wawili wataleta maombi yenye maneno yaleyale, "ndoo za plastiki". Atawatofautishaje ofisa ambaye hajawahi kutembelea kiwanda wala kudai ankara za malighafi?

Pale kanuni inapodai thamani, malighafi ya nje isizidi asilimia fulani ya bei ya kiwandani, kunatakiwa jedwali la gharama lenye ankara nyuma yake. Jedwali bila ankara ni hadithi.

Makosa yanayokwamisha mizigo ni madogo na yanajirudia. Ankara inasema uzito halisi kilo 5,000, hati ya shehena inasema uzito na vifungashio kilo 5,240, cheti kinaandika 5,240 kwenye nafasi ya uzito halisi. Maelezo ya bidhaa kwenye cheti hayafanani na ya ankara. Jina la mpokeaji limekosewa herufi. Lakini linaloniumiza zaidi ni la sampuli za saini. Kwenye mipango ya upendeleo, forodha ya nchi inayopokea huwa imetumiwa sampuli za mihuri na saini za watu walioidhinishwa. Katibu wa mkoa anabadilishwa, mpya anaanza kusaini wiki hiyohiyo, na sampuli yake haijatumwa popote. Mzigo unafika, afisa wa kule analinganisha, saini haipo kwenye orodha yake. Anakataa upendeleo, au anadai ushuru kamili kama dhamana huku akituma barua ya uhakiki. Gharama za kuhifadhi kontena zinahesabika kila siku, na anayezilipa ni mwanachama ambaye hakukosea chochote. Anayetakiwa kutuma sampuli kwa kawaida yuko makao makuu. Ni barua moja tu!

Na barua ya uhakiki ikija, mkoa unatafuta faili na haulioni. Nakala ya cheti, ankara, jedwali la gharama, ripoti ya ziara kiwandani: vyote vihifadhiwe kwa miaka ambayo mkataba husika unataka, na vitafutike kwa namba ya cheti.

Kuhusu kuitetea biashara mbele ya serikali, chemba nyingi zinapeleka malalamiko baada ya bajeti kusomwa. Wakati huo kila kitu kimefungwa. Hoja inaingia wakati maofisa bado wanaandaa makisio, yaani miezi kadhaa kabla. Na isiwe barua ya kulia kwamba "tozo ni nyingi". Chukueni biashara ya aina moja, kwa mfano mashine ya kukoboa nafaka, muorodheshe kila kibali, kila tozo, ofisi inayotoza, siku zinazopotea, na mara ngapi nyaraka ileile inadaiwa na ofisi mbili. Kurasa mbili zinatosha. Ukurasa wa kwanza jedwali, wa pili mapendekezo yenye kifungu cha kanuni kinachotakiwa kubadilishwa na mapato ambayo serikali ya mtaa itapata au kupoteza. Mweka hazina wa serikali anasikiliza namba hiyo ya mwisho kuliko hotuba zote.

Zabuni ni hivyohivyo. Makampuni ya mkoani yanaenguliwa kwa mambo yanayozuilika: dhamana ya zabuni inaisha kabla ya muda uliotakiwa, fomu moja haijasainiwa, cheti cha kodi kimepitwa na wakati, jumla ya bei haiendani na mchanganuo. Mtu mmoja wa chemba mwenye orodha ya ukaguzi na saa mbili mezani na mwanachama angeokoa nyingi. Badala yake tunafanyiwa warsha hotelini.

Najua wapo watakaosema dawa ni sheria ya kulazimisha kila kampuni kuwa mwanachama, kama Ujerumani. Wakuu, tusikimbilie huko bila kuangalia kilichopo chini yake. Chemba 79 za viwanda na biashara za Ujerumani zina uanachama wa lazima kwa sheria ya mwaka 1956, na Mahakama ya Katiba iliuthibitisha 2017. Lakini chemba hizo zinasimamia mitihani ya vijana wanaojifunza ufundi viwandani, zina baraza linalochaguliwa na wanachama wenyewe, ziko chini ya usimamizi wa serikali ya jimbo, na mwanachama anaweza kuzishtaki. Wanachama wamefanya hivyo: mwaka 2015 na tena 2020, Mahakama Kuu ya Utawala ilikubaliana na makampuni yaliyopinga ada huku chemba zao zikiwa zimelimbikiza akiba zisizo na sababu. Lazima bila haki ya kumshtaki anayekutoza ni kodi nyingine tu.

Na lazima yenyewe si nguzo ya kuegemea. Hispania iliondoa malipo ya lazima kwa chemba mwishoni mwa 2010, na zile zilizokuwa zimezoea mapato hayo ziliyumba vibaya. Italia iliamua 2014 kushusha ada ya mwaka hatua kwa hatua hadi nusu ifikapo 2017, kisha ikaunganisha chemba kutoka 105 kuelekea 60. Chemba ya Glasgow, jiji la Uskoti, ipo tangu 1783, na inaishi kwa wanachama wa hiari. Chemba isiyoweza kuuza huduma iko mikononi mwa waziri mmoja na kalamu yake.

Bodi sitaziacha. Mjumbe wa bodi ambaye kampuni yake inaiuzia chemba huduma ajitoe kwenye kikao na ijulikane kwenye muhtasari. Uenyekiti uwe na ukomo wa vipindi viwili. Viti vigawanywe kwa sekta na ukubwa wa biashara, la sivyo wakandarasi watatu wakubwa wataendesha chemba ya wakulima na wachuuzi.

NYONGEZA, baada ya maswali yenu hapo chini:

Aliyeuliza kama vyeti vya kielektroniki vitamaliza tatizo: vitamaliza la saini na la kughushi karatasi, kwa sababu forodha ya kule inahakiki namba moja kwa moja mtandaoni. Havitamaliza la uasili. Mfumo unaopokea ankara bila mtu kuzisoma utatoa cheti cha uongo kwa kasi zaidi.

Aliyesema serikali itoe ruzuku: ruzuku ya jumla inafunga mdomo. Mkataba wa kazi maalumu sawa, mfano kusajili biashara au kutoa mafunzo, wenye bei kwa kila kazi iliyokamilika na usiozidi theluthi ya mapato ya mkoa. Mradi wa wafadhili vilevile. Kama mshahara wa katibu unatoka kwenye mradi, siku mradi unafungwa ofisi nayo inafungwa.

Aliyeuliza "tuanzie wapi kama makao makuu hayasikii": someni katiba ya chemba yenu, kifungu cha mkutano mkuu maalumu. Kwa kawaida kinataja sehemu ya wanachama hai wanaoweza kuuitisha kwa maandishi. Kusanyeni saini zaidi ya idadi inayotakiwa, maana baadhi zitakataliwa kwa madai kwamba wenyewe hawajalipa ada, kwa hiyo ambatanisheni risiti. Ombeni nyaraka tatu siku 14 kabla ya mkutano: daftari la wanachama, hesabu zilizokaguliwa, na rejesta ya vyeti vya uasili. Hiyo ya tatu ndiyo watakayoificha. Vyeti vina namba za mfuatano. Chukueni ya kwanza na ya mwisho ya mwaka, toeni, jumlisheni moja, ondoeni vilivyoharibika ambavyo nakala zake zipo, zidisheni kwa ada ya cheti, mlinganishe na kilichoingia benki. Kama kuna namba ambazo hazina nakala wala hela, mkutano usiende kwenye ajenda ya pili.