Tupeane uzoefu: Filamu za anga zinapokuzungusha kichwa, kukutisha au kukuliza

Mleta mada: Wadau, kuna watu filamu za anga za juu zinawapa kichefuchefu, wengine zinawaliza, wengine wanalalamika hawasikii maneno. Tupeane uzoefu, ila tusiishie kwenye "mimi niliogopa sana". Leta chanzo na dawa yake.

Fundi runinga: Kizunguzungu cha sebuleni mara nyingi kinatoka kwenye TV yenyewe. Filamu karibu zote hupigwa kwa fremu (picha mojamoja) 24 kwa sekunde. TV za kisasa zinachomeka fremu za kutengeneza katikati ili mwendo uteleze, na hapo chombo cha anga kilichogharimu mamilioni kinafanana na tamthilia ya mchana. Kitu kikipita kasi, kingo zake zinachezacheza na macho yanachoka. Ingia mipangilio ya picha: kwenye LG tafuta TruMotion, Samsung ni Picture Clarity (za zamani Auto Motion Plus), Sony ni Motionflow. Zima. Kama kuna Filmmaker Mode, iwashe, itakuzimia yenyewe. Watu wanapokosea ni hapa: TV nyingi hutunza mpangilio kwa kila chanzo peke yake. Ukizima kwenye king'amuzi, kwenye flashi mpangilio huo bado umewashwa.

Halafu umbali. Pima skrini kona kwa kona kwa sentimita, zidisha kwa 1.6. Inchi 55 ni kama sentimita 140, kwa hiyo kaa mita 2.2 hivi.

Mkaa nyuma: Kwa upande wa sinema: macho yanaambia ubongo tunazunguka, sikio la ndani linasema tumekaa. Ugomvi huo ndio kichefuchefu. Gravity ya 2013 ni mfano mzuri, inaanza na pigo moja la kamera la zaidi ya dakika 10, hakuna juu wala chini. Omba kiti cha nyuma katikati. Ikianza kukushika, usiiname. Kazia macho kitu kisichosogea, ukingo wa skrini au taa ya mlango wa kutokea, mpaka itulie.

Kwa 3D, usilaze kichwa begani kwa mwenzio. Macho yakikaa mshazari, picha ya kushoto na ya kulia hazikutani sawasawa, ubongo unazilazimisha, na kichwa kinauma kabla hata ya nusu ya filamu. Mahaba yasubiri. Alama za vidole kwenye miwani nazo zinachangia, na miwani yenyewe inakula mwanga mwingi, kwa hiyo filamu yenye giza ni bora uione ya kawaida.

Mzee wa sabufa: Maneno hayasikiki, mlipuko unaamsha jirani. Kwenye sauti ya 5.1 (spika tano na sabufa moja), mazungumzo mengi yako kwenye spika ya katikati. Huna spika hiyo, kifaa kinabana njia zote kwenye mbili, na maneno yanazama. Fanya hivi: mipangilio ya sauti ya TV, chagua PCM au stereo, kisha washa hali ya usiku, inayoshusha kelele kubwa na kuinua ndogo. Punguza besi kwenye sabufa kabla hujaongeza sauti. Na sabufa iliyobanwa kwenye kona ya ukuta wa tofali hunguruma kupita kiasi, isogeze.

Dalili moja inadanganya wengi: muziki na milipuko vinasikika kwa mbali, maneno hakuna kabisa. Hiyo si filamu. Pini ya waya wa sauti haijaingia mpaka mwisho, au waya wa ardhi umekatika. Maneno yapo sawa kushoto na kulia, kwa hiyo ardhi ikikosekana yanafutana. Sukuma pini au badilisha waya.

Mwalimu wa fizikia: Mimi naleta la kulia. Interstellar ya 2014, saa moja kwenye sayari ya maji ni miaka 7 duniani, na baba anarudi kukuta jumbe za watoto za miaka 23. Watu wanadhani ni chumvi ya mwandishi. Mshauri wake alikuwa Kip Thorne, aliyepata Nobel ya fizikia 2017, na hesabu inakubali ikiwa shimo jeusi lililo karibu na sayari hiyo, ambalo mvutano wake unachelewesha muda, linazunguka karibu na kikomo cha kasi. Saa za setilaiti za GPS nazo hutangulia za chini kwa mikrosekunde 38 kwa siku, zisiporekebishwa ramani ya simu inakupoteza. The Martian ya 2015, kinyume chake, inaanza na dhoruba ya kuangusha roketi, wakati mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki asilimia 1 ya wetu. Upepo ule usingeangusha hata mwavuli.

Mleta mada: Na mwanga unaomulika-mulika?

Muuguzi: Huo usifanyiwe mzaha. Desemba 1997 kule Japani, kipindi cha katuni cha Pokémon kilimulika nyekundu na buluu kwa kasi, mamia ya watoto wakakimbizwa hospitali. Mwongozo wa watangazaji ni mimuliko isiyozidi 3 kwa sekunde. Mwenye kifafa cha mwanga afunike jicho moja lote kwa kiganja na ageuze uso. Kufumba macho tu hakutoshi, mwanga mwekundu unapenya kope. Taa ya chumba iwake.

Kibanda umiza: Nyongeza kwa wapenzi wa muvi zilizotafsiriwa: filamu ya anga inatisha kwa ukimya. DJ, yaani msimuliaji anayetafsiri, anajaza ukimya huo kwa maneno, hofu inageuka kicheko. Raha ipo, lakini ukitaka hofu yenyewe tafuta nakala isiyo na DJ.

Mkaa nyuma: Neptune Frost ya 2021 je? Kila mtu anatoka anasema hajaelewa.

Kibanda umiza: Ni ya nyimbo, imepigwa Rwanda, wachimbaji wa madini ya koltani wanageuka wadukuzi wa kompyuta. Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza vimechanganywa, kwa hiyo washa maandishi ya chini tangu mwanzo. Anayeanza aanze na Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009. Ni kama dakika 20 tu, maneno machache, na kiu utaisikia kooni.

Muuguzi: Hiyo Pumzi hata mtoto wa darasa la tano anaifuata.