Naombeni ushauri: filamu ya Krismasi yenye mbwa, niirudie au niache?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina banda la video hapa Ujiji, kiingilio jero. Kawaida yangu ni mpira na filamu za ngumi. Jumamosi nikajaribu ya mapenzi, ya Krismasi, ya Kimarekani: dada wa mjini karudi kwao, mbwa wake katoroka, kakutwa kwa kaka fundi seremala, mengine mnayajua.

Kina mama waliipenda mno. Mmoja alilia mbwa alipopotea kwenye theluji. (Filamu hizi nyingi hupigwa Kanada, hata wakati wa joto, theluji ya bandia. Sikumwambia.) Vijana wakazomea, eti hakuna hata kofi moja.

Shida ni wazee. Mbwa alipolamba sahani mezani, mzee mmoja akasimama: "Mwanangu, kwa sisi Waislamu chombo hicho kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na hawa wanacheka?" Akatoka, wenzake wawili nyuma yake. Sikuwa na la kujibu, maana kiwanja chenye banda ni chake.

Sasa kina mama wanataka irudiwe tarehe 25. Niiweke mchana, iwe ya kina mama tu? Au nitafute ya mapenzi isiyo na mbwa? Mwenye kujua nzuri iliyotafsiriwa Kiswahili anitajie, maana hii nilitafsiri mwenyewe kwa mdomo, mpaka leo sauti haijarudi.